Dalali wa Shehena ya Jirani

Usiku huu, kama usiku mwingine wowote, malori yanaukwea Mlima Kitonga yakiwa yamebeba shehena isiyo ya Tanzania. Mengine yana salfa ya kuchakatia shaba katika migodi ya Zambia na Kongo; mengine yana mafuta, mbolea, ngano na vifaa vya ujenzi. Upande wa kaskazini-magharibi, mengine yanapita Singida, Nzega na Kahama kuelekea Rusumo na Kabanga, yakiwapelekea watu wa Rwanda na Burundi mahitaji yao. Askari aliye kwenye kizuizi humwona dereva, humwona utingo, na huzisoma karatasi. Lakini yupo mtu mmoja ambaye askari hamwoni, na mara nyingi mtu huyo ndiye aliyeifanya safari hiyo iwezekane. Huyo ni dalali wa mizigo.

Dalali wa mizigo hana lori. Hana shehena, hana ghala, wala hana meli bandarini. Kazi yake ni kumkutanisha mwenye shehena aliye Lubumbashi, Lusaka au Kigali na mwenye lori aliye Dar es Salaam au Iringa; kupatana bei na kila upande; kuhakikisha kwamba mzigo umepakiwa, umefika na umepokelewa; kisha kupata riziki yake katika tofauti ya bei hizo mbili, au katika kamisheni. Kwa hiyo bidhaa anayoiuza ni moja tu, nayo ni neno lake. Neno hilo likiaminika, ana biashara. Likivunjika, hata ofisi yenye zulia na simu nne haitamfaa kitu.

Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na wa polisi kwa njia mbili. Kwanza, wapo wanaostaafu wakiwa bado na nguvu, wenye kiinua mgongo mkononi, na wenye kuzijua barabara kuliko raia wengi. Wapo waliofanya kazi Tunduma na Mutukula. Wapo wa Jeshi la Wananchi waliotumikia Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo kuanzia mwaka 2013. Watu wa namna hiyo huambiwa barazani kwamba udalali wa mizigo ni kazi isiyotaka mtaji, kwamba simu na daftari vyatosha. Pili, wale ambao bado wamo kazini ndio walinzi wa njia ambayo biashara hiyo yote hupita. Wote wawili, anayetaka kuianza kazi hiyo na anayeilinda njia yake, wanapaswa kuelewa ni kitu gani hasa kinachosafiri ndani ya lori la jirani.

Historia yajibu sehemu ya swali hilo. Tarehe 11 Novemba 1965, utawala wa walowezi wa Ian Smith ulipojitangazia uhuru wa bandia huko Rhodesia ya Kusini, Zambia ilijikuta imefungwa mlango. Mafuta yake na shaba yake vilikuwa vikipita kusini, mikononi mwa adui. Mlango uliofunguka ulikuwa wa Dar es Salaam. Malori yaliyosheheni mapipa ya mafuta yalipita katika barabara ya vumbi na matope hadi mpakani, madereva wakihatarisha maisha yao. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilometa 1,710 likaanza kupeleka mafuta Ndola. Kuanzia mwaka 1970, kwa msaada wa China, ikajengwa reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, nayo ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Adui aliielewa thamani ya njia hiyo. Ndiyo sababu mnamo Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Chambeshi ndani ya Zambia.

Katika miaka hiyo hiyo, wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, malori ya raia yaliwekwa chini ya jeshi ili kupeleka wapiganaji na vifaa mbele. Basi ni dhahiri kwamba usafirishaji si jambo la wafanyabiashara peke yao. Nchi yenye malori mazima, madereva hodari na barabara zinazoaminika ina nguvu ambayo huonekana siku ya shida.

Hata hivyo, jina la dalali halijawa na sifa njema siku zote. Wazee wanakumbuka jinsi mwaka 1983, katika vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, mtu wa kati alivyotajwa pamoja na kupe. Je, dalali wa mizigo anastahili jina hilo? Jibu latokana na kazi anayoifanya. Mwenye malori mawili aliye Iringa hamjui mfanyabiashara wa Kigali. Mfanyabiashara wa Kigali naye hajui ni lori lipi lenye breki nzima na dereva mwaminifu. Lori likienda Lubumbashi limejaa na kurudi tupu, nauli ya kwenda hulazimika kulipia njia zote mbili, na gharama hiyo mwishowe hulipwa na mwanakijiji anaponunua sabuni au chumvi. Dalali anayelipatia lori lililopeleka salfa mzigo wa shaba wa kurudi nao bandarini amepunguza gharama kwa watu wote. Huyo amefanya kazi.

Lakini yule anayepokea mzigo kwa bei fulani, asiutafutie lori, bali akamuuzia dalali wa pili, naye akamuuzia wa tatu, huyo hakufanya kazi yoyote. Kila mmoja amemega kipande cha nauli. Anayebaki mwishoni ni dereva aliyelipwa kidogo kuliko gharama ya dizeli, asiyemjua mwenye mzigo, na asiye na mtu wa kumdai. Dereva huyo anapoegesha lori Tunduma na kukataa kuendelea mpaka alipwe, kosa si lake peke yake. Kosa lilianza siku neno lilipouzwa na mtu asiyekuwa na nia ya kulitimiza.

Basi, mtu anayetaka kuianza kazi hii aanzie wapi?

Ajifunze njia kwanza. Asifungue ofisi kabla hajakaa miezi kadhaa karibu na kazi yenyewe: katika yadi za malori za Kurasini, katika ofisi ya wakala mwenye uzoefu, na mpakani kwenyewe. Achague njia moja na aina moja au mbili za mizigo. Anayeijua vizuri njia ya Tunduma hadi Ndola ana faida kuliko anayejigamba kwamba anapeleka mizigo popote Afrika. Anapaswa kujua kwamba shehena ya Zambia na Malawi, nchi ambazo si wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, husafiri chini ya dhamana ya forodha mpaka itoke nchini. Na kwamba kwa nchi za Jumuiya kama Rwanda na Uganda, utaratibu wa himaya moja ya forodha, ulioanza mwaka 2014, umeyasogeza malipo ya ushuru karibu na bandari. Anapaswa kuvijua vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Rusumo kilichozinduliwa mwaka 2016 na kile cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019, na kuelewa ni karatasi ipi inayotakiwa katika dirisha lipi.

Pili, asimame mahali panapojulikana kisheria. Asajili jina la biashara au kampuni, apate namba ya mlipakodi na leseni ya biashara. Asijifanye wakala wa forodha ikiwa hana leseni ya kazi hiyo. Dalali wa mizigo hutafuta lori. Wakala wa forodha huitolea shehena kauli mbele ya serikali na kubeba dhamana yake. Anayezichanganya kazi hizi mbili bila idhini amekwisha kuanza safari yake kwa uongo.

Tatu, kila neno liandikwe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna biashara inayouthibitisha usemi huo kuliko hii. Mkataba ueleze uzito wa mzigo, mahali pa kupakia na pa kushushia, bei, siku za malipo, na nani atakayebeba hasara mzigo ukiharibika. Ueleze pia nani atalipa lori likikaa mpakani siku kumi bila kosa la dereva, na nani atalipa tozo ikiwa kontena tupu litachelewa kurudishwa. Mambo haya yanaonekana madogo siku ya kupatana. Siku ya ugomvi ndiyo yanayoamua nani atauza nyumba.

Nne, alikague lori kabla ya kulikabidhi mali ya mtu. Namba za usajili zilingane na kadi. Leseni ya usafirishaji iwe hai. Bima iwepo, pamoja na kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Dereva awe na leseni ya daraja linalostahili na hati ya kusafiria, na picha yake ilingane na uso wake. Matapeli hawaibi shehena kwa bunduki tu. Wengine huja na namba bandia, kadi bandia na jina la kampuni ya mtu mwingine, hupakia mchana kweupe, husaini, hupungiwa mkono, na hawaonekani tena. Dalali aliyeona uvivu wa kupiga simu moja kumuuliza mwenye lori ndiye aliyewafungulia mlango.

Sasa kuna suala la mtaji, na hapa ndipo kiinua mgongo cha mtu huweza kuyeyuka. Na ichukuliwe hesabu nyepesi. Mwenye shehena amekubali kulipa 100 kwa safari moja. Mwenye lori amekubali kupokea 92. Tofauti ni 8. Lakini mwenye lori lazima anunue dizeli na kumpa dereva posho. Hataondoka bila kupewa nusu, yaani 46. Nusu ya pili ataitaka mara mzigo unapofika. Mwenye shehena kwa upande wake atalipa siku 30 baada ya kupata ankara na hati ya mapokezi iliyotiwa sahihi na mhuri. Maana yake ni kwamba, ili apate 8, dalali lazima atangulize 92 kutoka mfukoni mwake. Akipeleka malori 5 kwa pamoja, lazima awe na 460 kabla hajaonja 40 za faida. Na kutoka katika hizo 40 kuna kodi ya ofisi, kodi ya serikali, simu na safari.

Ikiwa mwenye shehena mmoja tu atakataa kulipa, zile 92 zimekwenda. Dalali atalazimika kufanya safari nyingine 12 zisizo na kasoro ili arudi mahali alipokuwa. Na ikiwa kilichopotea ni shehena yenyewe, tuseme shaba iliyoibwa njiani, hasara yake haipimwi tena kwa nauli. Kwa hiyo wale wanaosema barazani kwamba kazi hii haitaki mtaji wanampotosha mstaafu. Dalali mgeni huweza kuangushwa na kucheleweshewa malipo hata pale ambapo hakuna mzigo uliopotea. Mwenye busara huanza na lori moja, kwa mteja mmoja anayefahamika, na sehemu ndogo tu ya akiba yake. Huweka nyumba na karo za watoto mbali na biashara. Na haongezi lori la pili kabla fedha ya la kwanza haijarudi. Askari anaielewa kanuni hii. Hakuna kamanda anayepeleka akiba yake yote mbele katika saa ya kwanza ya mapigano.

Ndugu askari, upo upande wa pili wa jambo hili. Dalali anaweza kuwa mwaminifu, mwenye lori akawa mwaminifu, na bado neno lao likavunjwa barabarani na mtu wa tatu. Mtu huyo anaweza kuwa mwenye sare.

Ukaguzi ni wajibu, tena ni wajibu mkubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani kama ile ya Vigwaza na ya Mpemba ipo ili barabara iliyojengwa kwa fedha za wananchi isisagwe na tamaa ya wachache. Kadhalika wapo wanaotangaza shehena kuwa ni ya Zambia au Kongo, kisha wakaishusha usiku ndani ya nchi na kuiuza bila kulipa ushuru. Mafuta na sukari ni bidhaa zinazofaa sana kwa hila hiyo. Anayefanya hivyo anaiibia hazina, anamuua mfanyabiashara halali, na anaichafua njia nzima. Askari anayesoma namba ya lakiri na kuilinganisha na hati, anayeuliza kwa nini lori la Rusumo limeonekana katika barabara isiyokwenda Rusumo, anamlinda jirani na anailinda Tanzania kwa tendo hilo hilo moja.

Lakini ukaguzi usio na sababu, unaokwisha mara noti inapobadili mkono, si ukaguzi. Huo ni ushuru usioandikwa katika kitabu chochote. Dalali huujua. Huuongeza katika bei anayomtajia mwenye shehena, na mwenye shehena huuongeza katika bei ya unga. Mtu wa Bujumbura ambaye hajawahi kuiona Tanzania huilipia tamaa ya mtu aliyesimama kando ya barabara Tanzania. Tena, kizuizi kinachouza ruhusa kwa dereva asiye na kosa kitamuuzia pia yule aliyeficha silaha au pembe za ndovu chini ya magunia. Bei ni moja, na aliyekwisha kuuza mara ya kwanza hana tena lugha ya kukataa mara ya pili. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 haikumwachia mwenye sare mlango wa nyuma.

Inafaa kuongeza neno moja kwa wale wanaotaka kuianza biashara hii kabla ya kustaafu. Sare si ofisi ya udalali. Askari anayemtafutia rafiki yake mzigo leo, kesho ndiye atakayesimama mbele ya lori la rafiki huyo. Atalikagua kama askari, au atalipitisha kama mshirika? Hawezi kuwa yote mawili. Anayetaka kuwa dalali na angoje siku ya kuivua sare kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo itakayokuwa mtaji wake wa kwanza, kwa maana mfanyabiashara wa Lusaka atakapouliza habari zake, ataulizia jinsi alivyokuwa kazini.

Wala asidhani mtu kwamba majirani hawana pengine pa kwenda. Enzi ya 1965, ambapo Zambia ilikuwa haina mlango mwingine wa kirafiki, imepita. Leo Rwanda na Uganda zinaitumia pia Mombasa. Malawi ina Beira na Nacala. Zambia inaweza kupeleka shaba yake Beira, Durban au Walvis Bay. Kongo inatazama magharibi, kwenye bandari ya Lobito nchini Angola, ambako reli ilikabidhiwa mwaka 2023 kwa muungano wa makampuni ulioahidi kuifufua. Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo ziliunda mwaka 2006 wakala wa pamoja wa kuiendeleza Ushoroba wa Kati, kwa sababu zilitambua kwamba njia haitunzwi na nchi moja. Jirani huchagua njia kwa kuhesabu siku, fedha na usumbufu. Udugu wa zamani anaukumbuka, lakini meneja wa mgodi halipi mishahara kwa kumbukumbu.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Shehena ya jirani ni mgeni wa namna hiyo. Inapopita salama, inamlisha kuli wa bandarini, fundi wa matairi wa Makambako, mama anayewauzia madereva chakula, na inachangia hazina ambayo hulipa mishahara ya majeshi yenyewe. Inapopotea, au inaponyonywa njiani, hapiti tena mgeni wa pili.

Kwa hiyo mstaafu anayekusudia kuianza kazi hii aanze na neno ambalo anaweza kulitimiza, hata kama ni neno dogo: lori moja, mzigo mmoja, siku iliyotajwa, kufika kwa siku hiyo. Na askari aliye kizuizini usiku huu, lori hilo litakapofika mbele yake, alikague kwa haki, asaini panapotakiwa sahihi, na kulifungulia njia. Huko liendako kuna mtu anayelingojea, aliyelipa fedha zake kwa kuamini ahadi ya watu asiowajua.